Alhamisi za Bwana Ngazi

Alhamisi, 1 Julai 1976

Nimefukuzwa. Mimi! Mbele ya ploti nzima, mke wangu akiwepo.

Niandike sasa hivi nikiwa na hasira, kesho nisije nikawahurumia.

Kila Alhamisi jioni, habari zikiisha, televisheni huonyesha filamu za kale za yule mchekeshaji mwembamba asiyesema neno, ambaye haendi popote bila ngazi begani. Jina lake la Kizungu halikai mdomoni. Hapa Kawangware tumempa letu: Bwana Ngazi. Bosi wake tunamwita Mnene. Mnene hufoka, Bwana Ngazi hugeuka amsikilize, ngazi nayo hugeuka, na aliyesimama nyuma hupigwa kisogoni. Ni hayo tu. Watu hulia machozi.

Televisheni kwenye ploti yetu ni moja, nayo ni ya mwenye ploti, Mzee Kihara, anayekaa kwenye nyumba ya mawe huko mbele. Tuseme ni yake kwa risiti. Anayeitawala ni mkewe, Mama Gathoni. Sisi wapangaji wa vyumba vya mabati huko nyuma tunakaribishwa sebuleni kwake, tunavua viatu mlangoni, tunakaa kwenye mkeka na viti vya jikoni.

Sasa, filamu hizi mimi nimeziona. Nikiwa kijana kule kwetu Malava, gari la sinema lilikuwa likija uwanja wa chifu, na sikukosa hata mara moja. Ningenyamazaje nikiona wenzangu wanakaribia kupitwa? Leo Bwana Ngazi alikuwa anapaka hoteli rangi. Niliwaambia tu, kwa sauti ya chini, waiangalie ile ndoo iliyo juu ya mlango kwa sababu itamwangukia Mnene. Ikamwangukia. Hakuna aliyecheka. Nikawaeleza kwa nini inachekesha: Mnene ana suti mpya. Kimya bado. Basi nikawaambia habari ya mbwa na gundi kabla hata mbwa hajaingia, wapate kujiandaa.

Hapo ndipo Mutiso alipofungua mdomo. Mutiso ni fundi wa redio, anakaa chumba cha pili kutoka kwetu, na ana kicheko kinachoanzia tumboni kama pikipiki inayokataa kuwaka, halafu inawaka. Akaniambia mimi, fundi wa nguo, "Fundi, tuachie hata kimoja tukicheke wenyewe."

Wakacheka! Hicho ndicho walichocheka!

Mama Gathoni akasimama mbele ya kioo cha televisheni. Akaongea kwa upole, na upole wake ndio wa kuogopwa. Akasema Baba Sella, yaani mimi, aende akapumzike chumbani kwake, na Alhamisi zijazo pia apumzike huko huko mpaka mdomo wake upate kufuli.

Nilitoka nimeinua kichwa. Nilivaa kiatu kimoja cha Mutiso bila kujua.

Jentrix hakunifuata. Mke wangu wa ndoa! Alikaa mpaka mwisho.

Ijumaa, 2 Julai

Nimemuuliza Jentrix, kama mtu asiyejali, filamu iliishaje. Akasema mbwa alinata kwenye suruali ya Mnene na Mutiso akacheka hadi akaangukia kikapu cha makaa. Akasema Mutiso akicheka, kila mtu anashikwa, hata Mzee Kihara ambaye huwa amelala. Nikamwambia kucheka si kujua. Akakubali, akaendelea kukata sukuma wiki.

Halafu akasema dawa ni rahisi. Niende kwa Mama Gathoni niombe msamaha, kisha ninyamaze. Anasema "ninyamaze" kana kwamba ni kwenda dukani kununua chumvi.

Siendi. Watakuja wenyewe. Bila mtu wa kuwaelekeza watapotea katikati ya filamu, hawatajua nani ni nani. Nawapa mpaka Jumatatu.

Jumatatu, 5 Julai

Hawajaja.

Aliyekuja ni Mutiso, hapa barazani nilipoweka cherehani yangu, ameleta kiatu changu na suruali. Suruali ilipasuka nyuma siku ile ya kikapu cha makaa. Mimi nifukuzwe, halafu nimshonee anayefurahi! Nimeishona. Ila kiunoni nimeipunguza kidogo. Upana wa kidole, si zaidi. Alhamisi tuone nani atacheka.

Lakini alikuwa na gazeti, akanisomea ratiba. Wiki hii ni ile ya duka la vyombo. Wiki ijayo, tarehe kumi na tano, ni ya mwisho. Ile ya harusi.

Nimeshona kidole changu.

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote hapa Kawangware, nalo ni hili: ile ya harusi sijui inaishaje.

Ilikuwa mwaka ule baada ya Uhuru. Gari la sinema lilikuja Malava, nami nilikuwa nimemleta msichana mmoja kutoka ng'ambo ya mto, tumekaa kwenye nyasi na nafasi ya heshima katikati yetu. Bibi harusi amefungiwa ghorofani kwa amri ya Mnene, maana Mnene ndiye baba yake kwenye hiyo. Bwana Ngazi anakuja na ngazi yake. Anaiegemeza. Anapanda, anapanda, mkono unagusa dirisha. Mvua ikashuka! Si manyunyu, mvua ya kwetu. Mashine ikazimwa, watu wakatawanyika, na mimi na yule msichana tukajibanza chini ya koti langu hadi kwao. Njia nzima alikuwa akiniuliza kama bibi harusi alitoka. Nilimwambia nitamwambia kesho.

Msichana ni Jentrix. Mpaka leo sijamwambia.

Lazima niingie ile sebule.

Alhamisi, 8 Julai

Nilikuwa na mpango, na ulikuwa mzuri.

Mlingoti wa antena ya Mzee Kihara umesimama nyuma ya nyumba ya mawe, kando ya mfereji. Jioni nilijifanya nachota maji, nikauzungusha mlingoti kiasi. Picha ikiharibika, mtu atahitajika. Mtu huyo nitakuwa mimi, nimepita tu na ndoo yangu. Nitaitengeneza, watanishukuru, wataniambia ingia ndani, Fundi, kuna baridi.

Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri sana. Kelele sebuleni. Mama Gathoni anauliza theluji hii kwenye kioo imetoka wapi. Kisha akatoka Mutiso kabla sijapata hata kushangaa. Akauzungusha mlingoti huku, akauzungusha kule, picha ikakataa. Nikaushika nimwonyeshe. Sebuleni wakapiga kelele, "Hapo hapo!" Nikauachia. "Imeenda!" Nikashika. "Hapo hapo!"

Mutiso akaniangalia kama mtu anayeangalia redio mpya. "Fundi," akasema, "mwili wako una kitu. Shika hivyo hivyo." Akarudi ndani kwenye joto.

Nikashika. Filamu nzima! Baridi ya Julai, manyunyu yananiingia shingoni, mgongo kwa dirisha kwa sababu nikigeuka tu wanalalamika. Niliona mwanga ukicheza kwenye mabati ya choo. Nilisikia kinanda na vicheko. Kicheko cha Jentrix nakijua, ni chembamba na kinapanda mara tatu. Kilipanda mara nyingi.

Kinanda kikikimbia hivi, Bwana Ngazi yuko kwenye ngazi za duka na sahani mikononi. Nilijua. Nikapaza sauti kuwasaidia: "Sasa atakanyaga sabuni!" Mtu akafunga dirisha.

Na ile suruali? Jentrix ameniambia. Kwenye kicheko cha tatu kifungo kilifyatuka, kikaruka, kikampiga Mnene usoni kwenye kioo. Watu walipiga makofi, wakasema jambo kama hilo halijawahi kuonekana. Hata ubaya wangu unampa Mutiso sifa!

Ijumaa, 9 Julai

Mafua. Cherehani inanitetemekea.

Jentrix amenichemshia maji ya limau. Akaniambia alinisikia jana, habari ya sabuni. Nikamuuliza kama niliwasaidia. Akanipa kitambaa nipenge.

Akasema pia, akiwa ameangalia jiko, kwamba Alhamisi ijayo ni ile yetu. Alisema hivyo, "ile yetu." Kwamba angependa tuione tukiwa pamoja. Nikamwambia asijali, nina mipango. Akasema hilo ndilo linalomtia wasiwasi.

Jumapili, 11 Julai

Leo nimepita juu kwa juu. Kwa nini nibishane na waziri wakati rais yupo? Nimemngoja Mzee Kihara akitoka kanisani, nimemsifu koti lake, nimemwambia ukosi umechoka na mimi nitamgeuzia bila malipo, ukae kama mpya. Akafurahi. Tukatembea pamoja. Nikaleta habari ya Alhamisi, polepole, kama mtu anayeingiza uzi kwenye sindano.

Mzee akasimama kabisa barabarani. Akaangalia nyuma kwanza.

"Khamala," akasema, "unafikiri mimi niko pale kwa haki? Mimi mwenyewe naingia kwa huruma. Mwaka jana nilikoroma katikati ya mchezo mmoja, nikafukuzwa nikalala jikoni. Nenda umwombe Mama Gathoni. Si mtu mbaya."

Nikamuuliza kama hakuna njia nyingine. Akafikiri, uso ukang'aa. Akasema ipo! Alhamisi nitahitajika sana, kwa sababu picha haijawahi kuwa safi kama ile siku nilipoushika mlingoti. Atawaambia waniwekee gunia chini ya miguu.

Gunia!

Na koti amenivulia pale pale, niende nalo.

Jumanne, 13 Julai

Hatari kubwa leo. Nimeponea chupuchupu.

Mutiso alikuja barazani kuchukua suruali (kifungo kipya, na kiuno nimekirudisha, maana haikusaidia). Akakaa kwenye benchi. Akasema alisoma misheni huko Machakos, na padri mmoja alikuwa na mashine ya sinema, na ile ya harusi waliionyeshwa kila Krismasi. Akaniuliza, "Fundi, wewe mwisho wake unaukumbuka?"

Ningesemaje? Nina jina hapa. Nikasema bila shaka.

"Vile Bwana Ngazi anafungua dirisha, halafu…"

Nikakanyaga cherehani kwa nguvu zangu zote. Haikuwa na kitambaa. Mutiso akapaza sauti. Nikaanza wimbo wa kanisani, ubeti wa kwanza, na sauti ya tatu ambayo sijawahi kuiweza. Mama mmoja aliyekuwa akipita na mitungi akasimama kutusikiliza.

Mutiso akainama karibu. Akanitazama. Uso wake ukapanuka taratibu kama mkate kwenye tanuri.

"Hujui!" akasema. "Wewe! Hujui!"

Nikamshika mkono. Nilimsihi asimwambie mtu, na hasa asiniambie mimi. Nikamweleza ya Malava, mvua, koti, yote. Nilitarajia pikipiki iwake. Haikuwaka. Akapangusa vumbi kwenye suruali yake, akasema hataniambia hata neno, kwa sababu jambo la kuchekesha mtu anafaa ajionee mwenyewe.

Nikamwambia hicho ndicho nimekuwa nikiamini siku zote.

Alikohoa muda mrefu.

Jumatano, 14 Julai

Mutiso ni nyoka.

Nimerudi kutoka kununua vifungo nikamkuta juu ya paa la Mzee Kihara na nyundo na waya. Ameukaza mlingoti kwa vyuma vipya, ameuzungushia waya mpaka ardhini. Picha sasa inakaa yenyewe, haihitaji mtu. Akaniita toka juu, anatabasamu: "Fundi, kesho uko huru! Hakuna kushika kitu."

Huru! Mahali pamoja tu palipokuwa pamebaki pananihitaji, amenipokonya. Hata gunia silipati.

Nikamwambia Jentrix kwamba Mutiso ananipiga vita. Akaweka sufuria chini. Akaniuliza kama kweli sioni Mutiso amefanya vile kwa nini. Nikamwambia naona vizuri sana. Akasema, "Baba Sella, nenda tu umwombe yule mama. Ni maneno mawili." Nikamwambia sitapiga magoti kwa ajili ya sinema.

Nimepata njia nyingine. Riruta kuna hoteli ya mama mmoja anaitwa Wacera, ana televisheni juu ya kabati la mikate. Ukinunua chai unaangalia. Hakuna mkeka, hakuna kuvua viatu, hakuna Mama Gathoni. Nimemwambia Jentrix twende wote. Akasema yeye anaangalia hapa, na mimi nikibadilisha mawazo nitamkuta.

Basi. Nitauona mwisho kwanza, nije nimweleze.

Ijumaa, 16 Julai

Jana sikuandika. Sikuweza. Sasa nimetulia, na mdomo umepoa kiasi.

Nilifika Riruta mapema, nikapata kiti kizuri, chai, mandazi mawili. Hoteli ikajaa. Filamu ikaanza, na nikaona naikumbuka yote, kila hatua: Bwana Ngazi anapigwa na keki, Mnene anameza funguo. Sikuwaambia watu neno. Kusema kweli sikupata nafasi.

Nyuma yangu alikaa jamaa mwenye kofia ya buluu. Na huyo jamaa alikuwa anaeleza! Kila kitu! "Sasa mwone, atateleza." Anateleza. "Sasa mwone, keki inakuja." Keki inakuja. Sijaona mtu wa aina hiyo. Mtu mzima, ana ndevu, anakaa katikati ya watu waliolipa chai yao anawaharibia jioni! Niligeuka nikamkata jicho. Hakuona. Nikageuka tena, nikamwomba kwa adabu atuachie tuangalie. Akasema anawasaidia wale ambao hawajaiona. Anawasaidia! Nilimwambia kama ni mimi mwenye hoteli angekuwa nje. Watu wawili wakaniambia ninyamaze mimi. Mimi!

Halafu Bwana Ngazi akatokea na ngazi, anakuja chini ya dirisha. Kofia ya buluu ikainama mbele, ikasema kwa sauti ya kanisa zima, "Sasa ngojeni mwone mwisho, huyo bibi harusi…"

Sikusikia zaidi. Vidole masikioni, nikaruka benchi, chai ikabaki mezani. Nikakimbia. Barabara nzima ya Naivasha, kutoka Riruta hadi kwetu, nilikimbia na vidole masikioni, kana kwamba angeweza kunifikia. Nilianguka mara moja kwenye tope karibu na kiwanda cha mbao, nikaamka, nikaendelea. Nilikuwa nikijiambia ngazi ni ndefu, na kwamba lazima kwanza Mnene amfukuze Bwana Ngazi kuzunguka nyumba, kile kipande kirefu cha kuku na kamba ya nguo. Nilikuwa namwomba Mnene. "Mfukuze," nasema, "mfukuze baba, usimkamate."

Nikagonga mlango wa mbele. Wa mbele! Mpangaji!

Mama Gathoni akafungua. Nyuma yake vicheko, kinanda. Akaniangalia tope kutoka juu hadi chini.

"Umefuata nini, Baba Sella?"

"Mwisho," nikasema. Pumzi hakuna. "Nisamehe, mama. Nipe mwisho tu."

"Uende ukatueleze?"

"Siujui."

"Wewe huujui?"

Hakuamini. Nani angeamini? Sebule nzima ikageuka. Ndipo sauti ya Jentrix ikatoka kwenye mkeka, ya kawaida kabisa: "Ni kweli, Mama Gathoni. Hata mimi siujui. Tulinyeshewa."

Mama Gathoni alinitazama muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko ule wa mlingoti. Akaenda jikoni. Akarudi na kipande cha nduma ya kuchemsha kinachotoa moshi. "Weka hii mdomoni," akasema. "Ikitoka, mnatoka wote wawili, wewe na nduma."

Nikaiweka. Ilikuwa imetoka kwenye maji wakati huo huo. Nikavua viatu. Kando ya Jentrix kulikuwa na kiti cha jikoni kitupu, leso yake imewekwa juu. Bahati! Nadhani mtu alikuwa ametoka kwenda msalani. Nikakaa upesi kabla hajarudi.

Kuku, kamba ya nguo, Mnene ananaswa kwenye shuka. Ngazi inaegemezwa. Bwana Ngazi anapanda. Anapanda. Mkono unagusa dirisha.

Hapa ndipo mvua ilishukia. Jentrix alinishika kiwiko. Nilijikuta natazama juu, kwenye dari ya Mzee Kihara.

Hakukunyesha.

Dirisha likafunguka, na chumba kitupu! Kwa sababu bibi harusi, amechoka kungoja, alikuwa amevunja mlango, anashuka kwa ngazi za ndani kumtafuta. Yeye anatokea chini, bwana yuko juu. Anaiona ngazi, anapanda. Bwana anamsikia, anakimbia kushuka ndani. Sasa yeye yuko juu, bwana yuko chini. Wanabadilishana tena. Na tena! Kila mmoja anafika mahali mwenzake alipokuwa. Mutiso aliwaka. Mzee Kihara alikuwa macho, ameshika ndevu. Mama Gathoni alikaa chini kwa sababu miguu ilikataa. Mimi sikujua kinachofuata, na hiyo hali ni mbaya, ni kama kutembea gizani kwenye ploti ya mtu, kila dakika unakanyaga kitu. Nilikuwa napiga kelele na nduma mdomoni.

Mwisho wote wawili wakaamua kungojana. Bwana anakaa chini mlangoni, bibi anakaa upande wa pili wa mlango huo huo, migongo imegusa ubao, na hakuna anayejua. Watu wote kwenye ile sebule wakaanza kuwaita. "Nyuma yako! Fungua!" Hata Mama Gathoni! Na ni Mnene, amevikwa shuka bado, anayeona yote kutoka nje, anayejaribu kukasirika, anashindwa, mabega yanaanza kutetemeka. Kicheko kinamtoka. Kwa mara ya kwanza katika filamu zote hizo, Mnene anacheka. Anaenda kufungua mlango, nao wanaanguka chali wote wawili, vichwa sambamba, wanatazamana.

Basi. Ndiyo mwisho.

Nilimeza nduma nzima. Mutiso alinipiga mgongoni huku akicheka na huku akilia, na nadhani na mimi nilikuwa nalia, ila mimi ni kwa sababu ya nduma.

Watu walipotoka Mama Gathoni akanishika bega. Akasema, "Umeona? Hata wewe unaweza." Nikataka kujibu. Ulimi ulikuwa umevimba.

Tukavuka uwanja wa ploti, mimi na Jentrix. Alikuwa bado anafuta macho. Akasema, "Kumbe siku zote alikuwa tu upande wa pili wa mlango." Akanishika mkono, jambo ambalo hatufanyi nje.

Nilitaka sana kumweleza maana yake. Lakini mdomo ulikuwa umeungua.

Jumapili, 18 Julai

Heshima imerudi. Mama Gathoni amenisalimia kanisani mbele ya watu. Koti la Mzee Kihara nimemkabidhi, mkono mmoja ni mfupi kidogo lakini akikunja kiwiko haionekani. Mutiso ameniletea redio niwe nasikiliza nikishona. Anaona haya kwa yale ya mlingoti, bila shaka. Nimemsamehe.

Mama Gathoni aliniahidisha pale mlangoni pa kanisa kwamba filamu za Bwana Ngazi sitazieleza tena maishani. Nimeahidi, na neno langu ni neno. Filamu za Bwana Ngazi zimekwisha.

Alhamisi ijayo wanaanza kitu kipya, vichekesho vya kinyozi mmoja na mbuzi wake. Ni vipya kabisa, hakuna mtu hapa aliyewahi kuviona. Wala mimi. Jentrix amefurahi, anasema sasa tutakuwa sawa wote, tutashangaa pamoja. Maskini! Hakumbuki nilivyoteseka Alhamisi.

Kwa bahati jana alikuja barazani jamaa mmoja wa Gatina, anaitwa Ephantus, anataka suruali ya harusi ya dada yake. Katika mazungumzo nikamuuliza kazi. Anabeba makopo ya filamu huko kwenye televisheni! Anayabeba kutoka stoo hadi kwenye mashine, na wakiyajaribu mchana, yeye huwa amesimama hapo hapo anaangalia.

Nimempimia suruali mbili. Ya pili ni zawadi. Amekaa nami leo mchana wote baada ya kanisa, amenieleza kinyozi anavyompaka mbuzi sabuni akidhani ni mteja, halafu chifu anavyoingia, halafu kioo, halafu yote mpaka mwisho. Nimemfanya arudie mara mbili nisije nikakosea. Kila Jumapili atapita.

Majirani zangu hawajui bahati waliyo nayo. Alhamisi nitakwenda mapema, nikae mbele kabisa, karibu na kioo, ili hata walio nyuma wanisikie.